Habari za Nyumba ya Tukuyu

Tukuyu,
Jumapili asubuhi.

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kiti chako cha kamba, umeshakunywa uji, na goti limekupa ruhusa ya kutembea mpaka msikitini. Macho yanaendeleaje? Nimesikia ile miwani mpya inakuumiza pua, ukarudia ya zamani iliyofungwa uzi. Kama ni kweli, mwambie wifi Mwajuma aizungushie kitambaa laini pale inapokalia pua, wagonjwa wangu wengi walifanya hivyo na ikawasaidia. Na uwele je, mmeshavuna? Nasikia mvua huko ilikatika mapema. Huku haijakatika tangu nilipokuandikia mara ya mwisho. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa mwili hautulii. Tangu nimeanza kuandika nimeshainuka mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda kuangalia maharage jikoni. Mara ya pili sikuwa na sababu yoyote.

Barua hii nitampa muuguzi mwenzangu anayesafiri kwenda Dodoma. Ataiacha kwa dereva wa basi la Kondoa, na Rajabu ataipokea stendi. Nimemwambia asiifungue. Mara tatu nimeianza nikaichana. Simu huisikii, na nikimwambia Rajabu akuandikie kwenye daftari maneno yangu, atayafupisha. Sisemi kaka yangu ni mwongo. Ni mtu wa kufupisha tu, na jambo hili likifupishwa litakuumiza zaidi.

Ni habari ya nyumba.

Najua mnangoja kusikia kwamba imeuzwa. Najua Rajabu ameshaonyesha mahali pa kuchimba kisima, nyuma ya zizi, na kwamba wifi Mwajuma ameshawaambia majirani kuwa huu ndio mwaka wa mwisho wa kushuka na madumu korongoni. Kwa hiyo nitaeleza tangu mwanzo, Baba, ujue nilipitia wapi.

Wewe hukuwahi kufika huku. Nyumba iko mwisho wa mji, juu kwenye mgongo wa kilima. Ina vyumba vitatu, jiko la nje, na baraza inayotazama Mlima Rungwe. Chini yake bonde lote ni migomba, na ng'ambo ya pili ni chai ya watu. Kiwanja nilikinunua miaka kumi na tisa iliyopita, mwaka ule Hamisi aliponiacha, mwanangu Rehema akiwa bado anasoma chekechea. Wenzangu hospitalini walinicheka. Walisema nani ananunua kiwanja mahali ambapo shuka inakauka kwa siku nne. Aliyeniuzia alikuwa mjane mmoja, Bibi Tusajigwe, ambaye alikuwa anahama kwenda kukaa kwa mwanawe kule Ikuti. Tuliandikiana kwenye karatasi ya daftari mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mipaka tukaitaja kwa mfereji na kwa migomba, basi. Nyumba nikaijenga kidogo kidogo. Kila chumba kina mwaka wake. Ukuta wa chumba cha nyuma umepinda kwa sababu fundi aliumwa katikati ya kazi na mdogo wake akaja kuumalizia.

Sasa mambo yamegeuka. Sijui ni nani alianza kuwaambia watu kwamba baridi yetu ni dawa. Wanakuja wastaafu wa Dar es Salaam waliochoka na joto, wanakuja wafanyabiashara wa Mbeya na Tunduma wanaotaka kujenga loji, na watumishi wanaohamishiwa huku wanazunguka wiki nzima hawapati hata chumba cha kupanga. Kila mmoja anataka mahali ambapo atauona mlima akiwa amelala. Jirani yangu wa kulia aliuza kabla ya Krismasi, wa mbele yangu akafuata. Imefika mahali watu wanapandiana bei kwa kiwanja ambacho mwenyewe hajasema kama anauza.

Nilistaafu, kama unavyojua, miezi mitano iliyopita. Wiki ileile Rajabu akanipigia. Alisema umesema kazi imekwisha, nyumba ya ugenini ya nini tena, niuze, nirudi, chumba changu kipo, tuchimbe kisima. Nilisema sawa. Sikufikiri hata dakika moja, Baba. Mtoto akiitwa na baba yake anaitika kwanza.

Kesho yake nikamwambia Gwamaka. Huyu ni dalali wa mtaani kwetu, mtu mzima mwenye watoto wanne, wawili kati yao niliwapokea mimi kwa mikono hii walipozaliwa. Alifurahi kama mtu aliyeambiwa mkewe amejifungua salama. Ndani ya wiki moja nilikuwa na wanunuzi wawili. Mmoja ni mstaafu wa Dar es Salaam ambaye hakutaka hata kuja. Gwamaka alizunguka na simu akimwonyesha kuta na bafu, na yule mzee akawa anauliza maswali kutoka kitandani kwake. Wa pili ni mama mmoja wa Mbeya, wanamwita Mama Edna, ana maduka ya vifaa vya ujenzi. Huyo alikuja mwenyewe.

Mara ya kwanza alikuta ukungu. Akasimama barazani akaniuliza mlima uko wapi. Nikanyoosha mkono kuelekea kwenye weupe mtupu. Akanitazama kama anayemtazama muuza mbuzi aliyekuja bila mbuzi. Mara ya pili alikuta mvua. Mara ya tatu alikuja saa moja asubuhi amevaa mabuti ya mpira, na siku hiyo Mungu alikuwa ameufunua mlima wote, mpaka miti ya juu unaihesabu. Alisimama muda mrefu akiutazama. Halafu akaomba chai.

Nilimpenda, nisikufiche. Aliniambia alianza kwa kuuza vitumbua pale Kiwira, barabarani, akiwauzia madereva wa malori ya makaa ya mawe, akiwa na mtoto mgongoni. Ni mtu wa kusema kitu kilivyo. Siku hiyohiyo aliniambia, "Nyumba nitaibomoa, dada, nisikudanganye. Nataka ghorofa mbili na vioo upande wote huu." Nikamwambia akishanunua ni yake, afanye apendavyo. Nilisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Alipoondoka nilikwenda chumba cha nyuma nikasimama mbele ya ukuta uliopinda.

Basi yeye na yule mzee wa Dar es Salaam wakaanza kushindana. Wiki mbili nzima Gwamaka alikuwa anakuja asubuhi na jioni, leo huyu amepanda, kesho yule amepanda zaidi. Sitaandika kiasi, barua hupita mikono mingi. Ila kingechimba kisima na kubaki. Mama Edna akashinda. Lakini mwanasheria wake alipoiona ile karatasi yangu ya daftari hakuridhika. Alitaka Bibi Tusajigwe, kama bado yu hai, athibitishe mipaka na kuweka dole gumba.

Nikaenda Ikuti. Nilimkuta nje ya nyumba ya mwanawe anapukuchua maharage, amekonda sana, lakini akili yake ni nzima. Nilimwamkia kwa lugha yao, akacheka, kwa sababu baada ya miaka yote hii matamshi yangu bado ni ya Kirangi. Yeye Kiswahili chake hakina z, kuuza kwake ni kuusa. Akaniuliza, "Nesi, umeusa?" Nikamwambia bado, nahitaji dole lake. Akasema atalitoa, hana neno, lakini anataka aje kwanza apaone, kwa sababu mwenye loji akishaweka geti, mlinzi hatamruhusu ajuza mwenye kanga mbili aingie kutazama tu.

Mwanawe alimleta Alhamisi asubuhi, akamwacha, akaenda kwenye shughuli zake za kanisa. Baba, kila mtu aliyekuja kuiona ile nyumba alikwenda moja kwa moja barazani. Bibi Tusajigwe hakwenda barazani. Alizunguka nyuma, polepole, akishika ukuta, akitafuta kitu chini. Akasimama mlangoni mwa bafu langu akaanza kucheka mpaka akakohoa. "Hapa palikuwa jiko langu," alisema. "Unaogea mahali nilipopikia watoto saba." Niliona aibu, nikaomba radhi, akaniambia hakuna ubaya, maji na moto vyote ni vya nyumbani. Kisha akaingia kwenye migomba. Akaitazama mmoja mmoja, akanigombeza kwa kuiacha isongamane, machipukizi mengi shina moja, ndizi zitakuwaje nene. Akaomba panga. Nilitaka kumzuia, nikaona ni bure. Alikata machipukizi mpaka jasho likamtoka na ile baridi yote, na mimi nyuma yake nakusanya.

Wakati tunakunywa chai nilimuuliza kama maisha ya Ikuti ni mazuri. Nilimuuliza kwa sababu ya mazungumzo tu, Baba, sikuwa nachimba. Akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile.

"Wananipenda sana. Chakula wananipa mimi kwanza. Lakini miaka yote hii, nikitaka kijiko, nauliza kilipo."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba goti linauma. Kisha akauliza karatasi iko wapi aweke dole, mwanawe asije akamkuta hajamaliza. Akaweka. Akasema ndaga, yaani asante, akaondoka na mkungu mmoja wa ndizi mgongoni mwa pikipiki.

Nimeinuka tena, Baba, nimetoka nje nikarudi. Hapa ndipo kalamu ilipogoma zile mara tatu.

Nataka kukuambia habari ya Idi, nilipokuja kukaa nanyi wiki mbili. Mlinipokea vizuri mno. Wifi Mwajuma alinitandikia shuka jipya. Nikiingia jikoni, wanawake walinyanyuka wakanipa kigoda kizuri kuliko vyote, wakaninyang'anya kisu, wakasema mgeni apumzike. Nikikaa nao walibadilisha mazungumzo, wakaniuliza habari za Mbeya. Watoto waliniamkia wakakimbia. Siku ya nne nilikwenda zahanati, nikamwomba yule nesi kijana anipe kazi yoyote, nikapima uzito wa watoto mpaka adhuhuri, na hiyo ndiyo siku pekee niliyokula kwa hamu. Uliponiuliza, "Umepumzika?", niliandika ndiyo kwenye daftari. Haikuwa kweli. Nilikuwa nazunguka kama kuku aliyehamishiwa banda. Nilijiambia ni kwa sababu nimekuja kwa muda, kwamba nikija moja kwa moja itakuwa tofauti. Nilijiambia hivyo mpaka siku ile Bibi Tusajigwe aliposema juu ya kijiko.

Hakuna aliyenikosea, tafadhali usije ukamsema wifi Mwajuma. Kosa lake ni lipi? Niliondoka Kondoa nina miaka ishirini na miwili. Jiko lile la Mama sasa ni lake, na ndivyo inavyotakiwa.

Jumatatu iliyofuata tulikutana ofisi ya serikali ya mtaa kusaini. Alikuwepo mwenyekiti, Gwamaka amevaa koti, Mama Edna na mwanasheria wake. Mwenyekiti alikuwa ameshagonga muhuri, zilibaki sahihi zetu tu. Mwanasheria akawa anajaza ile sehemu ya anwani ya muuzaji, akauliza nitakuwa napatikana wapi baada ya mauzo. Nikasema nyumbani. Akauliza nyumbani wapi, aandike. Baba, nilifungua kinywa niseme Kondoa na halikutoka. Si kwamba nilikataa kulisema. Halikutoka tu, kama jina la mtu unayemjua vizuri unapokutana naye ghafla. Mama Edna alinitazama, akamwambia mwanasheria aache kwanza. Akaniuliza kwa upole, "Dada, unauza au huuzi?" Nikaomba siku tatu. Gwamaka akashika kichwa.

Siku tatu hizo sitazisahau. Siku ya kwanza nilifunga vyombo vyote kwenye maboksi. Siku ya pili nikavifungua. Nilikwenda sokoni kununua nyanya nikarudi na sabuni. Nilitembea mpaka geti la hospitali, nikasimama, nikageuka. Nilimpigia Rehema kule Mwanza, akasema, "Mama, fanya kitakachokupa amani," nikakasirika, kwa sababu ningejua ni kipi nisingempigia. Nikakaa na kalamu nikajaribu kufikiri juu ya kisima. Nikaona madumu, nikaona mgongo wa Mwajuma, nikaona wewe ukitawadha kwa kikombe kimoja ili maji yatoshe. Nikasema nauza. Nikatoka nje, nikaona jinsi migomba ilivyopumua baada ya kupunguzwa, nikasema siuzi. Nilikuwa hivyo mpaka jioni ya siku ya tatu.

Asubuhi ya nne nilipanda gari kwenda Mbeya. Nilimkuta Mama Edna dukani kwake anapima misumari. Jambo la namna ile haliambiwi kwa simu, na Gwamaka nisingemtuma. Nikamwambia nimeshindwa kuuza.

Akaweka misumari chini. "Umeshindwa, au kuna mwingine amekuja na zaidi?"

"Hakuna mwingine. Nimegundua sina pa kuhamia."

"Nilikwambia nitakupa miezi mitatu ya kutafuta."

"Si mahali pa kupanga, Mama Edna. Pa kuhamia sina."

Wateja wawili walikuwa wanasubiri. Akaniambia nimempotezea mwezi na nusu, kwamba kuna kiwanja kingine kule Kyimo alikiacha kwa ajili yangu na kimeshachukuliwa. Yote ni kweli. Nikamwomba anisamehe.

"Leo sikusamehe," alisema. "Labda siku nyingine." Akarudi kwenye mzani wake.

Nilirudi Tukuyu siku hiyohiyo. Nilidhani nikishaamua nitatulia. Sijatulia, Baba, nisikudanganye. Gwamaka ananisalimia kwa kuinua kidevu tu. Na Mama Edna hakukaa kuomboleza. Alinunua kile kiwanja cha mbele kilichouzwa kabla, akampa mwenyewe faida, na sasa anajenga hapohapo chini yangu. Nguzo zimeshasimama. Kuanzia saa moja ni nyundo na mashine ya kuchanganyia zege. Sijui ghorofa zake zikimalizika nitabakiwa na mlima kiasi gani, pengine kichwa chake tu. Juzi alikuja kuomba maji ya mafundi wake, nikampa. Hakusema kama amenisamehe, lakini alirudisha ndoo mwenyewe, akiwa ameiosha.

Sasa niseme lile lililonifanya nichane karatasi. Baba, sirudi kukaa. Nitakuja Idi zote Mungu akinipa uzima, nitakuja ukiumwa hata kama ni usiku wa manane, lakini nitakuja na kuondoka. Chumba ulichonitunzia miaka yote hii, tafadhali mpe Salma wa Rajabu. Msichana wa miaka kumi na sita hapaswi kulala jikoni na wadogo zake wakati kuna chumba kimefungwa kwa ajili ya shangazi asiyekuja. Sanduku la Mama lililomo humo, afungue yeye na mama yake, wagawane kanga.

Kisima kitachelewa. Sisemi hakitakuwepo. Chumba changu cha mbele nimempangisha mwalimu wa kike aliyehamishiwa hapa kutoka Tanga, masikini analala na soksi mbili mbili, na cha nyuma kuna mtu wa maabara ya hospitali ameshakitaka, pamoja na ukuta wake uliopinda. Kodi yao yote sitaigusa, itakwenda kwenye kisima mpaka kipatikane maji. Najua si sawa na kuchimba mwaka huu. Najua wifi Mwajuma atashuka korongoni kiangazi kingine, na kila nikifungua bomba hapa nitamkumbuka. Ana haki ya kunikasirikia, na mwambie nimesema hivyo.

Najua pia swali ambalo hutaliuliza. Utajiuliza mwanangu atazikwa na nani huko. Tupo Waislamu hapa, si wengi, lakini tunazikana. Mwaka jana alifariki mzee mmoja fundi cherehani kutoka Kigoma, hakuwa na ndugu hata mmoja huku, na nilihesabu watu mpaka nikashindwa, Wakristo wa mtaani wakiwa wamesimama na sisi kwenye mvua mpaka mwisho. Nimeliwaza hilo sana kabla ya kukuandikia, kwa sababu nilijua wewe utaliwaza kwanza.

Hukunilea niwe mkaidi. Ulinipeleka shule wakati ndugu zako walisema msichana wa nini, ukauza ng'ombe wawili nikasome uuguzi, ukanisindikiza mpaka kwenye gari ukaniambia nikafanye kazi popote nitakapopangiwa, watu ni walewale. Nilikusikia. Nadhani nilikusikia kuliko ulivyokusudia.

Mnisalimie Rajabu, na ukishamaliza kusoma mpe naye asome, nisingependa alisikie jambo hili kwa vipande. Msalimie wifi yangu Mwajuma kwa heshima zote. Salma mwambie shangazi yake anamtaka asome sayansi, asiogope hesabu. Msalimie shangazi Zubeda na mguu wake, ile dawa ya kuchua nitaituma kwa dereva huyohuyo. Yule nesi wa zahanati pia, mwambieni kati ya watoto aliowapima na mimi, wale wawili wembamba awaite tena. Rehema na mumewe wanakusalimu kutoka Mwanza, mtoto ameanza kusimama.

Maharage yanaungua, nasikia harufu, wacha nikayaepue.

Nimerudi. Baba, naomba jibu lenye mwandiko wako. Uandike taratibu kwa siku nyingi kama mkono unachoka. Ukiwa umekasirika andika hivyohivyo na hasira yake, nitaisoma. Na ukitaka kujionea mwenyewe ninachokisema, mwezi wa tisa mvua hupungua na njia hukauka, kuna kitanda changu, mimi nitalala chini. Kijiko utakikuta kwenye kopo la bluu, kulia, unapoingia tu jikoni. Ningependa siku moja uingie ukachukue bila kuniuliza.

Ni mimi mwanao,
Mwanaidi wa Tukuyu.